Uchi, Nambari Saba

Karatasi ndogo chini ya picha inasema:
Uchi, nambari saba. Rangi ya mafuta.
Basi. Kumbe nilikuwa na nambari.
Feza, mjukuu wangu, anaisoma mara mbili,
ya pili polepole, kana kwamba jina langu
huenda limejificha nyuma ya nukta.

Mimi ni Kabange, wa Kamalondo,
pacha wa nyuma. Kyungu aliyenitangulia hakuishi.
Mwaka ule mume wangu alivunjika mguu kiwandani,
na bwana mmoja wa shule ya uchoraji alikuwa akitafuta
mwanamke wa kukaa kimya.
Faranga ishirini kwa saa. Kukaa tu!
Kwa unga wa bukari ungekaa hata juu ya siafu.

Mwezi wa sita. Wageni hudhani Lubumbashi haina baridi.
Dirisha kubwa, kiti kisicho na mgongo,
na kikwembe changu sakafuni, kimekunjwa mara nne
kama mtu aliyeambiwa angoje nje.

Alianza na makala.
Makala yale yale ya gunia, ya miti ya miombo,
niliyopikia alfajiri.
Nikajiambia: leo mimi ndiye sufuria.

Kisha akaleta rangi, akaanza kunivunja.
Si kwa hasira. Kwa utaratibu,
kama fundi anayefungua redio.
Bega akalipeleka kwenye goti,
tumbo akalikata pembetatu,
titi moja likatazama mlango, la pili likatazama Ulaya.
Siku ya nne nikamuuliza, "Bwana, nimekukosea nini?"
Akacheka. Akasema kwao wamemchora mwanamke
miaka mia tano, mzima, amelala, na matunda pembeni;
wamemchoka. Sasa ukweli umo katika vipande.

Sikujibu.
Nyumbani nilikuwa na mguu wa vipande vitatu
na sikuona ukweli wowote ukitoka humo.

Lakini uso, Feza. Tazama uso.
Ule si wangu.
Ule ni wa kinyago kilichopigiliwa misumari ukutani,
karibu na saa. Huko kwa baba yangu
kilipotoka kucheza, sisi wanawake tulifunga milango.
Yeye alinivika mchana kweupe
na hakuna ngoma iliyolia.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha.
Ya aliye hai je?

Kulikuwa na mwanafunzi, Mwelwa, kijana wa Kasenga,
penseli mkononi, macho kwenye viatu.
Siku zote sita alichora kikwembe:
maua yake, mikunjo yake,
hata tundu la cheche pale ukingoni.
Mwalimu akampa sufuri mbele ya wote.
Karatasi ile ilipotelea wapi? Nani angeiwekea fremu?
Mimi ningeitambua gizani.

Mlinzi anatutazama. Bibi kizee anayechekea ukuta.
Nacheka kwa sababu nimehesabu:
mimba saba zilipita katika pembetatu ile.
Labda ndiyo nambari waliyoikusudia,
ingawa nilipokaa pale nilikuwa na mbili tu.

"Nkambo," anasema Feza tukiwa nje,
bomba la kiwanda limesimama mbele yetu bila moshi,
"utakaa nikuchore?"
Yuko mwaka wa pili, shule ile ile, dirisha lile lile.
Vidole vyake vyeusi kwa makala.
Nina miaka themanini na mitatu.
Kovu la chanjo liko palepale begani; yule bwana hakuliona,
au aliliona akadhani ni doa la turubai.

Nikamwambia: leta kwanza kiti.
Chenye mgongo.
Washa mbabula kabla sijavua hata kilemba,
na kikwembe nitakiweka mapajani, si sakafuni.
Ukifika usoni, nyanyua macho, uniulize.