Mfuniko Mweupe

Kila asubuhi kabla ya chai
nafunga kamba kwenye mfuniko wa sufuria,
ule nilioupaka rangi nyeupe iliyobaki mlangoni,
nauteremsha ziwani polepole
mpaka usionekane.
Hapo nasimama, nahesabu mafundo.
Tenywa anaandika kwenye daftari la mkopo,
ukurasa wa nyuma,
maana kurasa za mbele zimejaa tunavyodaiwa.

Mwaka wa kwanza wa vizimba: mafundo sita.
Mwaka wa mvua iliyozoa vyoo vya Masese: manne.
Mwezi jana: mawili.
Juzi nilitumbukiza mkono,
kiganja kikapotea
kabla maji hayajagusa mkanda wa saa.

Watu husema maji yameoza.
Hayajaoza. Yamevimbiwa.
Kila mvua inapoporomoka, mashamba ya miwa
huyanywesha mbolea bila kuyauliza kama yana kiu;
mwezi wa saba haupoi tena kama ulivyokuwa ukipoa,
na upepo, uliokuwa ukija usiku kuukoroga uji huu,
siku hizi unapita juu juu
kama mgeni aliyekuja kuaga tu.

Tusiukosee heshima mwani: ngege huula.
Mama mkwe, aliyepaa samaki miaka thelathini pale gatini,
alikuwa akivuta utumbo mrefu kama uzi wa kushonea,
kijani tupu, akicheka:
“Mbuzi wa majini huyu.”
Lakini kuna nyasi na nyasi.
Huu uliokuja na joto unaelea kama rangi iliyomwagika,
kama utando wa maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Ngege anaufungulia mdomo.
Angejuaje? Rangi ni ile ile.

Na una tabia ya mkopeshaji.
Mchana unagawa pumzi, vipovu vinang'ang'ania nyavu,
unaweza kudhani ni sadaka.
Usiku unadai.
Pamoja na riba.

Usiku wa Jumanne hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti.
Saa tisa nikasikia sauti ambayo sijaipatia jina:
midomo elfu nne ikibusu hewa.
Tenywa alipiga maji kwa kasia, mimi kwa beseni,
tukipiga, tukipiga,
kama watu wanaomwamsha mlevi,
huku yeye akitukana ziwa, akitukana chama cha mikopo,
akinitukana mimi niliyetia sahihi.
Kisha sauti ikapungua.
Tulidhani tumeshinda.

Kulipokucha sikuhitaji mfuniko.
Weupe ulikuwa juu,
tumbo kwa tumbo, kutoka kizimba hadi kizimba.

Nakisige, mtoto wa dada yangu, alikuja na kitabu cha jiografia
akiwa bado na sare, viatu mkononi.
Amefundishwa matumbawe, mawe yaliyo hai,
ambayo sisi wa Jinja hatutayaona ila kwenye picha.
Bahari ikipata homa, anasema,
matumbawe humfukuza mwani mdogo anayeyapikia ndani ya nyumba yao,
yakabaki meupe, yenye njaa,
na samaki wakakosa vichochoro vya kujificha.
Akatazama magunia, akatazama chokaa, na shimo.
“Shangazi, kule mwani unaondoka, samaki wanakufa.
Huku unakuja, samaki wanakufa.
Sasa mwani ufanyeje?”

Nilikuwa na koleo mkononi.
Nilisema kamuulize mwalimu wako.
Halafu nikaona haya, nikamwita,
nikampa kamba aishike, nikamwonyesha
jinsi ya kuuachia mfuniko bila kuutupa,
jinsi ya kutopepesa macho.

Aliinama sana. Nilimshika sare kwa nyuma.
“Umekwisha?” nikauliza.
“Bado,” akasema. “Bado. Bado kidogo.”
Alitaka uonekane, mtoto yule.

Fundo moja na nusu.
Tenywa, andika.
Nusu hiyo pia, iandike.