Plagi Tatu Mpya na Moja ya Zamani

Egemberdi, uliniambia betri.
Kutoka Moscow, sauti ikikatika kama ya mtu anayetafuna mfupa,
ukasema: nunua betri, dada, mengine yote sawa,
plagi nilibadilisha mwenyewe kabla sijaondoka.
Nikauza kondoo wawili sokoni Naryn.
Nikanunua betri.

Asubuhi, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
Niva ikakohoa, ikatetemeka, ikazima.
Hata ikiwaka inamisi: hatua tatu mbio, ya nne inachechemea,
na kwenye mpando wa Dolon malori ya makaa yananipita yakipiga honi,
mimi na boksi langu la chanjo za mifugo,
petroli ikinywewa kama harusini.

Leo nimefungua boneti.
Injini baridi kabisa; ya moto haiachii plagi, na ukilazimisha utalia.
Nikapuliza kila shimo kwa pampu ya baiskeli,
maana chembe ya mchanga ikidondokea ndani
ni mgeni asiyeaga.
Waya mmoja, plagi moja, kisha mwingine.
Asylkan alichomoa nyaya zote nne kwa pamoja, akazichanganya,
gari likapiga mshindo mpaka mbwa wa mtaa mzima wakahama.

Ya kwanza ikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Afya,
ila mdomo umeliwa, pengo linapitisha ukucha wangu.
Ya pili masizi matupu.
Ya tatu imelowa oili, hilo ni deni la siku nyingine.
Ya nne nikaifuta kwa kitambaa
na pale shingoni nikaona doa jekundu.

Unalikumbuka doa.
Baba alitia alama kila plagi kwa rangi ya kucha ya Mama,
Mama akigomba, Baba akicheka.
Nikazifuta zote. Madoa manne.
Kitabu cha gari kinasema kilomita elfu thelathini;
hizi zimekwenda sabini na Baba ana miaka mitatu kaburini.

Nikatafuta kipimo cha pengo chini ya kiti
nikapata glavu yako ya kushoto.
Ndani yake, boksi. Ndani ya boksi, plagi nne,
hazijawahi kuonja moto,
na moja kauri yake imepasuka, ufa mwembamba kama unywele.

Basi ulinunua.
Uliidondosha, sivyo? Pale kwenye saruji, Baba akiwa dirishani.
Ukarudisha za zamani, ukafuta mikono,
ukaingia ndani ukasema: tayari.

Nimefunga tatu zako.
Kwa vidole kwanza, mpaka zikakataa zenyewe,
ndipo spana, robo mzunguko, basi.
Anayekaza kwa hasira hununua kichwa cha injini,
na mimi hasira nilikuwa nayo, nikaiweka chini pamoja na glavu.
Ya nne nikarudisha ile ya rangi ya chai,
nimeipiga brashi, nimeigongagonga ukingoni mwa benchi
pengo likafika nusu milimita na ushei.

Imewaka mara ya kwanza.
Inanguruma, si vizuri sana, lakini hatua zote nne.

Kondoo wawili nakudai, sijasahau.
Ukija kiangazi lete plagi moja,
namba ile ile.
Ishike kwa mikono miwili.