Kuishusha Samahani

Masika imekunja mkeka wake.
Leo, hapa Igombe, tunavua turubai:
kwenye kiti cha nahodha
kuku wa jirani ameacha mayai matatu
na macho ya mwenye nyumba.

Samahani ndilo jina lake. Rangi ya pilipili,
futi kumi na tisa, pua kama ya mtu mwenye kesi.
Jina nililipaka ubavuni mwenyewe
ili ninaowapita wasome neno la adabu
kabla wimbi langu halijawafikia.

Magesa ametandika gunia mchangani,
na juu yake rafadha tatu.
Rafadha ni za kitabuni; hapa ni mapanga,
ila hayafyeki majani, yanafyeka ziwa.

Lenye mbawa nne, inchi kumi na saba, ni alumini,
limekwaruzika kama sufuria ya ugali.
La kumi na tisa lilipinda mwaka jana Luchelele,
kwenye jiwe lisilo na jina wala haya;
fundi wa kuchomelea Kirumba akaligonga
mpaka likakumbuka umbo lake, karibu lote.
Na hili linalong'aa, ishirini na moja, chuma cha pua,
unaweza kujitazama ukachana nywele,
limetoka Tanga kwa kaka yangu Lugata
pamoja na kikaratasi: *Dada, acha kutambaa.*

Kwa asiyejua: inchi ni urefu wa hatua.
Maji yangekuwa ubao na panga likawa skrubu,
mzunguko mmoja ungekusogeza inchi hizo zote.
Lakini maji si ubao. Maji hukubali, kisha huteleza,
kama mdaiwa.

Nilianza na la Lugata. Damu ni damu.
Vijana wa dagaa wakaacha nyavu zao, wakasukuma, wakacheka,
magogo yakalia chini ya tumbo la boti,
na injini ikakohoa miezi mitatu kwa mkupuo mmoja.

Nikavuta gesi.
Pua ikapanda, ikabaki huko huko juu
kama mgeni anayengoja kuonyeshwa kiti.
Mshale: elfu nne na mia tisa. Hausogei.
Farasi mia na hamsini wanapumulia tundu la sindano.

"Tanga ni pwani," alisema Magesa niliporudi.
Akachora mchangani mstari wa bahari,
kisha akaupandisha mkono mpaka gotini: "Sisi tuko hapa.
Ziwa letu limekaa mlimani, mita elfu moja na mia na ushee.
Kakako hajakosea hesabu. Amekosea hewa."

La kumi na tisa likakimbia vizuri, halafu likaanza kutetemeka.
Jiwe la Luchelele bado limo ndani yake;
nililisikia kwenye meno.

Likabaki lile baya.
Maji kiunoni, spana mkononi, giligilani la mafuta likinizunguka,
nikalivua hili, nikalivika lile,
nikapanda huku nguo zikichuruzika.
Samahani ikainuka bila hotuba.
Ziwa likawa gumu chini yangu,
tako-tako-tako, kama meza inayopigwa na mwenye karata nzuri,
mshale elfu tano na mia nane,
majabali ya Kayenze yakaja mbio kunilaki.
Mvuvi wa sangara kwenye mtumbwi akasoma ubavu wangu,
akainua kafi, akapaza sauti:
"Bado!"

Alumini hupinda. Ukigonga jiwe, lenyewe ndilo linaloumia.
Chuma cha pua hakipindi; huiachia gia kuvunjika.
Sisemi habari za kaka yangu.

Panga lake nitalitundika mlangoni kwa waya.
Nimeligonga kwa spana, lina sauti safi kuliko kengele ya shule;
watoto watalisikia toka Igombe sokoni ugali ukiiva.
Jumamosi tunazunguka Saanane na boti za Musoma,
na nitakwenda na sufuria langu lenye mbawa nne.

"Pini umefunga?" anauliza Magesa kutoka ufukoni.
Napunga mkono.
"Nyanjura. Pini ya panga. Umefunga?"
Nataka kumjibu,
nakuta ulimi umelalia kitu cha chuma,
chembamba, chenye miguu miwili.