Ukurasa wa Arobaini na Moja

Niliiandika Tandika, chumba cha uani,
mwaka ule luku ikiisha kabla ya mwezi,
kwa ajili ya Seushi, mdogo wangu,
aliyetoka shule ya viziwi Buguruni
akijua kusoma midomo ya watu wote
isipokuwa ya waigizaji,
maana wao hugeukia dirishani wakitaka kulia.

Mistari elfu mbili na mia tatu.
Kazi yake moja: kushika neno
na kuliweka chini ya kinywa kilicholisema,
lisitangulie, lisichelewe.
Nikaiacha huria, kama kinu cha uani:
atwange anayetaka, unga ni wake,
ila asifute alama ya aliyekichonga.
Hiyo ndiyo leseni yote. Sikuajiri wakili.

Wakaja Fahari Burudani.
Kuja gani? Hakuna aliyebisha hodi.
Jengo lao liko barabara ya Bagamoyo, vioo vitupu;
kinu wamekibeba, na ruhusa walikuwa nayo,
kwa hilo siwezi kuwasingizia.

Nilijua siku nilipoitwa kwa mama Sikudhani
kutazama king'amuzi kilichogoma.
Nikabonyeza Mipangilio, Mengineyo, Taarifa za Kisheria,
nikateremka, nikateremka,
hadi ukurasa wa arobaini na moja,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
jina langu.
Mwanahija limekuwa Mwanahaja.
Nikakaa mkekani, rimoti mkononi.
Mama Sikudhani akauliza, "Kimepona?"

Sijui nilitaka nini.
Si fedha. Haya, fedha pia,
mwenye nyumba hapokei leseni.

Mwezi ule ule, tamthilia ikifika penyewe,
mke anafungua barua,
skrini ikageuka buluu: Kifurushi chako kimekwisha.
Seushi akanigeukia, akauliza kwa vidole:
Si wewe uliyeiandika?
Kwa vidole huwezi kuumauma maneno.

Juni, saa nane za usiku, ukaingia ujumbe wa Fahari:
maneno yanachelewa sekunde mbili,
fainali ni Jumamosi, tunaomba urekebishe haraka.
"Tunaomba" mara tatu, salamu hata moja.
Nikaufunga. Nikaenda kuosha vyombo, usiku ule ule,
sufuria hata zisizo chafu.
Nikawaza bwenini Buguruni,
watoto sitini mbele ya runinga moja,
mpira umeshalala wavuni
na neno "goli" bado liko njiani.

Niliporudi, mtu alikuwa amenitangulia.
Mistari kumi na mmoja, safi,
kwa jina lake, si la kampuni: Kokuberwa.
Na chini yake:
"Dada, nafanya kazi kwao. Mwanasheria hajaniruhusu bado.
Nimeandikia nyumbani Mbezi, kompyuta yangu, bando langu.
Na jina lako nimelirudishia herufi yake."

Nikaisoma mara mbili. Nikaipokea.
Kinu kimerudi usiku, kwa mlango wa uani,
kimepanguswa vumbi, na aliyekirudisha
amejificha kwa waliokichukua mchana.

Jumamosi nikanunua kifurushi cha siku moja.
Dakika ya themanini na tatu
neno na mpira vikaingia pamoja.
Seushi hakunitazama.
Alikuwa anasoma.