Dawa ya Deni

Tumefika saa moja. Ukungu bado umelalia Loleza
kama mtu asiyetaka kutoka kitandani.
Ofisi ya kata, hapa Ilomba, haijafunguliwa,
lakini foleni ipo, na inabweka.

Mbwa wamefungwa kwa katani, kwa mikanda ya suruali,
mmoja kwa tai ya shule.
Mtoto wa kina Mwashiuya kamleta paka kwenye begi la madaftari,
zipu imeachwa wazi kiasi cha masikio;
kila mbwa akisogea, begi linanguruma.

Wangu anaitwa Deni.
Mwakalukwa alikula viazi vyangu magunia mawili,
akanilipa mbwa.
Mume wangu alicheka hadi akakaa chini.

"Jina la mbwa?" anauliza Sekela wa mifugo,
kalamu imegoma kwa baridi, anaipashia kwapani.
"Deni."
Anaandika bila kucheka. Nampenda kwa hilo.

Anafunua kiboksi cha barafu, anavuta dawa.
Naushika mdomo wa Deni kama nilivyoelekezwa,
na kiganja changu kinakumbuka mdomo mwingine.

Kaka yangu Ambakisye alikuwa na miaka tisa.
Mbwa yule hakuwa wa mtu. Alipita tu,
mate yananing'inia, akamng'ata ndama wa jirani,
kisha yeye, kwenye kifundo.
Kidonda kidogo. Hata kulia hakulia.
Tukakipaka majivu na pilipili,
tukakifunga kitambaa, kikapona.
Hilo ndilo linaloniamsha usiku: kilipona.
Hakuna aliyesema sabuni, na maji yatiririke robo saa.
Hakuna aliyesema hospitali, leo, si kesho,
na nauli ilikuwepo, nauli ilikuwa chini ya godoro.

Wiki ya saba akaomba maji.
Mama akampa kikombe cha bati, kile chenye maua.
Akakitazama
kama kikombe kina meno.

Sisemi zaidi. Anayejua anajua,
na asiyejua, Mungu amwepushe.

Sindano yenyewe haikuzidi kupiga chafya.
Deni akanitazama kwa lawama, kisha akanusa kiatu cha Sekela.
Kadi ikagongwa mhuri: mwakani, mwezi huu huu.
"Dawa ya deni kulipa!" akapiga kelele mtu huko nyuma,
foleni nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka,
machozi yakapata kisingizio.
Paka akachomwa humo humo begini.

Tunarudi kwa njia ya bondeni. Usiku ilinyesha manyunyu.
Penye dimbwi, karibu na mashine ya kusaga,
Deni anasimama, anainamisha shingo, anakunywa.
Anakunywa kwa kelele, bila adabu, bila haraka,
na mimi nina viazi vya kumenya, nina wateja,
nina baridi hadi kwenye mifupa.

Sivuti kamba.
Kunywa, namwambia. Kunywa.