Upande wa Keria

Jumamosi, kabla Chumbageni haijapata sauti,
nakung'uta tandiko la Swala kwa upindo wa kanga,
nabonyeza tairi kwa dole gumba, la mbele, la nyuma.
Fundi Kopwe kanionya juzi: breki ya nyuma imechoka,
usiiombe mambo makubwa.
Nikamwambia barabara niendayo mimi
haina wa kumkimbia.

Shemweta anapanda keria
kama anayeingia mtoni asikojua kina.
Mkono mmoja kiunoni mwangu, mmoja kwenye fimbo
iliyolala mapajani kama upawa.
Haoni tangu mfungo wa mwaka juzi.
Daktari wa Bombo aliita presha ya macho.
Yeye husema: mwenye nyumba kazima taa,
wageni bado hawajaaga.

Mpaka Pongwe roho iko mkononi.
Malori ya saruji yanatupita na upepo wake,
yanatusukuma kando, yanaturudisha,
nami nasoma ninachokijua mpaka njia panda.
Kisha kushoto. Lami inakatika
kama maneno ya mtu aliyeona watoto wameingia,
na udongo mwekundu unapokea magurudumu
bila kuuliza tunatoka wapi.

Hapa hapana gari.
Trekta la mwisho lilipita, nadhani, Tunu hajaota meno.
Kanga wa porini watatu wanakatiza bila haraka,
na madoa yao, kama wanakwenda harusini.
Mkonge pande zote. Ukienda polepole
mistari yake hufunguka na kufunga,
mwanya mrefu, kisha ukuta, kisha mwanya,
kama mtu anayepekua kitabu kizima atafute neno moja.
Namweleza.
"Najua," anasema. "Nilikuwa nalipwa kuihesabu."

Miaka ishirini na miwili nilikaa mimi huko nyuma.
Barabara hii niliijua kwa mgongo wake:
shati la kaki, jasho lenye umbo la kisiwa,
mshono wa kola nilioushona mwenyewe, ukapinda.
Nikimuuliza tumefika wapi, hunijibu: shika vizuri.
Sikuwahi kujua kwamba pale mteremkoni,
kabla ya daraja la magogo,
mbele panafunguka hivi, bonde lote,
na Usambara imekaa mbali
kwa buluu ya nguo iliyofuliwa mara nyingi.
Miaka yote hiyo aliiona peke yake.
Hakusema. Labda hakujua kama ni habari.

"Tumefika wapi?"
Ulimi unataka kujibu: shika vizuri.
Nameza. Naacha kukanyaga.
Mnyororo unatulia, gurudumu linaanza tiki-tiki-tiki
kama cherehani ya jirani usiku wa kuamkia Idi,
naye anavua kofia, anaibana kati yetu,
upepo umpite kichwani.

"Daraja," anasema, magogo hayajagonga bado.
"Korona," anasema, na kweli,
mashine imenyamaza miaka, ila uchachu wa majani
haujaambiwa kuwa kazi imekwisha.
Kisha: "Nyumba za Kambi ya Pili zipo?"

Natazama. Mapaa yamekwenda.
Chumba chetu, cha nne kutoka kisimani,
kimebaki fremu ya mlango isiyozuia kitu.
"Zipo," nasema.

Mizunguko kumi ya pedeli, kimya.
"Piga kengele."
Napiga. Sauti inakwenda, inakwenda,
inaingia mkongeni.
"Zamani ilikuwa inarudi," anasema.
Si kwa kulalamika. Kama anayesahihisha hesabu.

Basi nasema yote: matofali, nyasi,
na mbaazi zilizoota pale kitanda kilipokuwa.
"Zimechanua?"
Zimechanua. Nyingine zimeshabeba.
"Sasa unapita kwa nini? Simama tuchume."

Nabana breki ya nyuma.
Inasitasita, inafikiri,
inasimama mbele kidogo ya nilipotaka.