Punje Kwenye Tano

Ujumbe uliingia Jumatatu, mama hakuuona.
Tangu vikope vimlize na kumchubua mboni,
ujumbe kwake ni mlio tu,
kifaranga kimoja ndani ya pindo la khanga.
Nikamsomea: mteja wetu mpendwa,
mnara wa Handali utazima mawimbi ya zamani
mwisho wa mwezi. Badilisha simu.
Akasema, "Na huyo mpendwa ananunuliwa na nani?"

Tukauza madebe mawili ya karanga, bei ya kukaba.
Elfu hamsini na nne nikaisokomeza kwenye soksi
iliyokuwa na mbegu za uwele,
nikaingia mjini juu ya kirikuu cha zabibu,
mikono inanata.

Mama alitaka vitufe, si kioo cha kupapasa.
Alitaka tochi, maana choo kiko mbali na mlango
na fisi hawana adabu.
Chaji ikae mpaka Jumapili.
La mwisho alilisema mara mbili,
mara ya pili amenishika kidole:
kwenye tano pawe na kipele.

Tano ndiyo Dodoma ya vitufe.
Iko katikati; ukishafika hapo
kila mkoa unajua njia yake.
Kidole gumba cha mama huanzia hapo,
hupanda mbili, hushuka nane,
huenda kwa watu wake wote gizani
bila kuuliza mtu.

Majengo, dukani kwa Twalibu,
kwanza nililetewa kioo kipana kama sinia:
kianzio elfu thelathini, halafu mia nane kila siku,
siku usipolipa inajifunga yenyewe.
"Na mvua isiponyesha?" nikamuuliza.
Alicheka. Mimi sikucheka.

Akatoa ya elfu kumi na nane,
ina kipele, ina tochi, boksi linang'aa.
Nikachomeka laini ya mama.
Pembeni juu ikatokea herufi E, peke yake,
kama mtu aliyesahauliwa stendi.
"Hii si ndiyo ile ile inayokufa?"
Twalibu akaangalia feni.
"Dada, wengi hawaulizi."

Ya tatu ilisoma 4G.
Vitufe vyake vigumu, betri nene,
hamsini na nane, tukavutana, tukafika hamsini na moja.
Nikafumba macho pale pale kaunta,
wateja wananishangaa, nikapitisha kidole:
bapa. Moja hadi tisa, bapa,
sahani iliyolambwa.

Nilikaa kwenye kistuli.
Nikamwaga soksi nihesabu tena,
kana kwamba pesa ingezaa kipele,
na kati ya noti ikadondoka punje ya uwele,
ikaviringika, ikagota kwenye kikokotoo.
Twalibu aliitazama. Mimi nikamtazama Twalibu.
Akafungua droo, akatoa gundi ya kubandikia vioo,
tone moja, akashusha punje kwa kibanio
taratibu kama daktari,
akaipulizia.
Gundi hakunidai.

Usiku mama aliipokea kwa mikono miwili.
Kidole kikatambaa, kikasimama.
"Uwele," akasema, na akacheka
kicheko ambacho sijakisikia tangu masika.
Akampigia Sechelela wa Mvumi.
"Mbukwa!" ilijibu sauti, karibu mno,
mama akaisogeza simu kutoka sikioni.
Akapiga Bahi, kwa mjomba Nhembo; wakasemezana juu ya mpunga.
Akampigia Yeledi wa Chilonwa.
Namba unayopiga haipatikani.
Akarudi tano, akaanza upya, polepole,
huenda kidole kimepotea njia.
Haipatikani.

Nikakaa kimya. Nje mbuzi anakohoa.
"Hajafa Yeledi," mama akasema,
"simu yake ndiyo imekufa, naye hajui,
hakuna wa kumsomea."
Akawasha tochi, akamulika ukuta, akaizima.
"Kesho uchukue baiskeli.
Na umpelekee punje,
gundi atatafuta mwenyewe."